Mama Mkubwa, nazunguka njia ya mbali kukwepa kijiwe

Shikamoo Mama Mkubwa,

Mimi ni binti wa miaka 26, naishi Mbagala na wazazi wangu, nauza vitambaa kwenye duka la mtu Kariakoo. Nimeposwa, mahari imetolewa nusu, na ndoa Mungu akijalia ni baada ya Ramadhani. Nakuandikia kwa jambo ambalo kila nikilisema nyumbani linaonekana dogo. Saa nyingine na mimi naliona dogo. Lakini limenibana.

Nikishuka daladala Rangi Tatu, hadi kwetu ni mwendo wa robo saa hivi kwa mguu. Katikati pana kijiwe cha bodaboda, pembeni ya kibanda cha wakala wa kutuma pesa. Mwanamke hapiti pale bila kusemwa. "Mtoto mzuri, mambo." "Sista, mzigo wote huo unabeba peke yako?" Anaanza mmoja, wenzake wanadakia, na miluzi juu. Ukijibu salamu kwa heshima, mmoja anakufuata na pikipiki taratibu mpaka kona. Usipojibu, unaoga matusi: "Unaringa nini, kwanza sura yenyewe hiyo!" Nimeyasikia haya tangu nasoma sekondari, na sare zangu za shule mwilini. Nilishazoea kuinamisha kichwa, kuongeza mwendo na kujifanya naongea na simu.

Mwezi uliopita nilirudi umeme umekatika mtaa mzima. Mmoja akashuka kwenye pikipiki, akanishika mkono juu ya kiwiko, akasema leo huendi popote mpaka utoe namba. Nikavuta mkono, hakuachia. Nikasema kaka naomba uniachie. Wenzake wanacheka. Mwingine akawasha taa ya pikipiki akanimulika kuanzia miguuni mpaka usoni, kama wanakagua bidhaa. Aliniachia alipotaka yeye, akanisukuma na neno ambalo siwezi kuliandika kwenye barua kwako. Na nilivaa baibui Mama Mkubwa, nalitanguliza hilo kwa sababu kila mtu ananiuliza.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba pale alikuwepo mdogo wake mchumba wangu. Naye anaendesha pikipiki kijiwe hichohicho. Aliniona. Akainama kwenye simu yake.

Tangu siku hiyo sipiti pale. Giza likishaingia nachukua bajaji inayozunguka njia ya juu, shilingi 1,500 kila jioni, Jumatatu mpaka Jumamosi. Nilikuwa nasoma kozi ya uhasibu jioni chuo kimoja mjini, nimeacha, maana kutoka darasani ni saa mbili usiku. Nikisikia pikipiki inapunguza mwendo nyuma yangu moyo unapiga mpaka masikioni, hata mchana, hata Kariakoo penye watu. Juzi mteja alinigusa bega kuulizia bei ya kitenge, nikaruka, vitambaa vyote chini.

Nilimwambia mchumba wangu, ila mdogo wake sikumtaja. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Ulipita saa ngapi?" Kisha akasema wale ni vijana tu, wanatania, mwanamke akijiheshimu hawamgusi. Mama anasema nivumilie, nikishaolewa watanijua ni mke wa mtu na wataacha. Mwenzangu wa dukani anasema niende polisi. Sasa nikienda polisi si watamkamata na shemeji? Ndoa yangu itakuwa na sura gani? Na nisipokwenda, baada ya harusi tutaishi mtaa huohuo, na huyo shemeji atakuwa anakula kwangu.

Nakuza mambo? Na kama sikuzi, nianzie wapi?

Mpita Njia ya Mbali, Mbagala

*

Marahaba mwanangu,

Hukuzi. Mtu mzima alikushika mkono gizani akakataa kukuachia, na wenzake wakaweka taa ili waone vizuri. Ukiliandika hivyo, bila "vijana tu" wala "wanatania", udogo wake uko wapi?

Tuanze na pesa, maana pesa haina aibu. Elfu moja na mia tano kwa siku sita ni 9,000 kwa wiki. Kwa mwezi unakaribia 40,000, na hapo sijagusa ada ya chuo ambacho umekiacha. Binti anayeuza duka la mtu anatoa fedha hiyo ili apate kitu ambacho kaka yake anakipata bure, yaani kutembea kutoka stendi hadi nyumbani. Watu wakisema maneno ya barabarani hayamuui mtu, waonyeshe hesabu hii. Wanawake wa mji huu wanailipa kila siku na hakuna anayeiandika popote. Mwingine anakataa kazi ya zamu ya usiku. Mwingine anapitisha daladala tatu zenye nafasi kwa sababu waliomo ndani ni wanaume tu. Mwingine analala kwa shangazi yake kila anapochelewa. Tumezoea mpaka tunaiita tahadhari, tunawafundisha na mabinti zetu.

Na huo moyo kupiga masikioni si udhaifu. Mwili wako umeshajua kwamba mlio ule unaweza kufuatiwa na mkono, kwa hiyo unajiandaa kabla akili haijaamua. Unaruka dukani kwa sababu mwili hauwezi kutofautisha haraka mteja na yule mtu. Kwa wengi unatulia wenyewe wakipata mahali pa kusema na watu wa kuwaamini. Usipotulia, ukawa hulali, au ukaanza kuogopa hata kwenda kazini, nenda hospitali uwaeleze, na useme chanzo. Usiseme tu "presha".

Kuhusu baibui. Sitakuuliza ulivaa nini, na umenisikitisha kulitanguliza, ingawa naelewa kwa nini. Hili swali lina umri mkubwa hapa kwetu. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU, chama kilichotawala wakati ule, ulitangaza Oparesheni Vijana, ya kupiga marufuku sketi fupi, mawigi na suruali za kubana, ianze Januari 1969. Vijana wa Dar es Salaam hawakusubiri Januari. Oktoba ya mwaka huohuo wa 1968 makundi yalijikusanya Kariakoo, hapohapo unapouza vitambaa, wakawa wanawavamia wasichana wanaoshuka kwenye mabasi na kuwachania nguo. Wakati ule kosa lilikuwa sketi fupi. Leo wewe umejifunika kuanzia utosini hadi kwenye kisigino na bado umeshikwa. Nairobi nako, Novemba 2014, mwanamke alivuliwa nguo na kundi la wanaume kwenye kituo cha matatu, picha zikasambaa, na wanawake wakaingia barabarani kwa mamia kusema vazi langu ni uamuzi wangu. Kabla mwaka haujaisha Bunge la Kenya likapitisha kifungu kinachofanya kumvua mtu nguo kuwa jinai. Haya yametokea Kariakoo na yametokea Nairobi, kwa sketi na kwa baibui. Anayekuuliza ulivaa nini hatafuti jibu, anatafuta namna ya kuliweka jambo hili juu yako ili yeye asilazimike kufanya kitu.

Sasa huo utani. Mimi nimekulia kwenye utani, mama yangu Mnyamwezi na baba Mzaramo, na nimewahi kuona mtani akizuia jeneza lisitoke mpaka apewe hela ya soda, watu wa msibani wakacheka na machozi usoni. Utani una pande mbili. Mnajuana, unanirushia nakurudishia, na mtani akiona mwenzake amebadilika uso anaomba radhi. Wewe ungemrudishia nini yule bwana? Ungemshika na yeye mkono, umulike miguu yake kwa taa, umwambie haendi? Basi tusiuchafue utani wa watu.

Sheria inasemaje? Inasema vizuri kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1998 Bunge lilipitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana, ile tunayoiita SOSPA, baada ya wanawake, wakiwemo wa TAMWA, chama cha wanahabari wanawake, kuipigania kwa miaka. Ndiyo iliyoingiza kwenye Kanuni ya Adhabu kosa la unyanyasaji wa kijinsia, na kosa hilo linatendeka kwa vitendo na pia kwa maneno. Adhabu ni kifungo kisichozidi miaka mitano, au faini isiyozidi shilingi 200,000, au vyote viwili, na mahakama inaweza kuamuru ulipwe fidia. (Ndiyo, faini hiyo leo haifiki hata bei ya simu ya maana. Ilipangwa 1998.) Mbali na hiyo, kumkamata mtu mkono na kumsukuma ni shambulio, hata asipotokwa na damu.

Mlango wa kuingilia ni Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo cha polisi. Omba dawati, usielezee shida yako kaunta mbele ya foleni ya watu. Kama kuna askari wa kike na unamtaka yeye, sema. Mkishaandika, usiondoke bila namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi. Kama ungekuwa umeumia, ungeomba na PF3, fomu ya polisi ya matibabu, uende nayo hospitali. Sitakudanganya kwamba kila askari atakupokea kwa adabu. Wapo watakaokuuliza lilelile la saa ngapi. Ndiyo maana usiende peke yako, nenda na huyo mwenzako wa dukani, na uende ukiwa umeshaandika kwenye karatasi siku, saa, mahali, namba ya pikipiki kama uliiona, na neno alilolisema. Neno lenyewe, liandike. Aibu ya neno hilo ni ya aliyelitamka.

Lakini naona unachoniuliza hasa si njia ya kwenda kituoni. Unaniuliza kuhusu watu wawili, mchumba na mdogo wake. Hapo tukae kidogo.

Mdogo wake hakukushika. Ukiripoti, utamtaja aliyekushika na aliyekumulika. Shemeji yako kwa polisi ni shahidi, na hofu yako kwamba atafungwa inakutangulia mbali mno. Ila kwako wewe ana deni, na deni hilo unaweza kulidai bila askari. Mwite. Mchana, mahali penye watu, hata barazani kwenu mama akiwepo ndani. Mwambie kwa sauti ya kawaida: "Shemeji, siku ile uliniona. Nataka unieleze kwa nini ulinyamaza." Kisha nyamaza na wewe, mwache ajibu. Usimsaidie kwa kucheka. Inawezekana naye anawaogopa wale. Kijana mgeni kijiweni akimtetea mwanamke anaitwa majina wiki nzima, na abiria wanapewa wengine. Hilo linaeleza kunyamaza kwake, halilifuti. Mwombe kitu kimoja kinachowezekana, kwamba siku nyingine akikuona unapita, yeye ndiye awe wa kwanza kukusalimia kwa jina, "Shemeji, shikamoo," kwa sauti wote wasikie. Kama hata hilo ni zito kwake, umeshajua ni wa namna gani kabla hajaanza kula kwako.

Mchumba naye. Mimi siko kwenye kundi la washauri wanaovunja uchumba wa watu kwa barua moja. Pengine hajui. Wanaume wengi hawajui kwa sababu rahisi: ukipita pale na yeye, kijiwe kinakuwa msikiti. "Kaka, habari za kazi. Shemeji, karibu." Heshima hiyo ni yake, wewe umepita chini ya mwavuli tu. Kwa hiyo hajawahi kuusikia mtaa unaousikia wewe. Msikilizishe. Mwambie jioni moja mshuke daladala wote, wewe utangulie, yeye abaki nyuma hatua thelathini hivi kama hamjuani. Asikie kwa masikio yake. Afanye hivyo mapema, bado kweupe, na mkubaliane kwamba akisikia hatakimbilia kupiga mtu, maana ugomvi wa kijiweni unaisha vibaya na wewe ndiye utakayelaumiwa. Baada ya hapo mtajie na mdogo wake. Ulimficha kwa kumlinda, naelewa, lakini mtu unayekwenda kujenga naye nyumba asikie hili kwako kabla halijamfikia kwa wapita njia.

Halafu uangalie anachofanya. Akiumia, akasema twende wote kwa mwenyekiti, una mwenzio. Akisema tena "mwanamke akijiheshimu", baada ya kusikia mwenyewe, basi mahari iliyobaki isikuharakishe. Nusu iliyotolewa inarudishika. Na huo ushauri wa mama yako, kwamba ukiolewa wataacha, nampa pole na heshima yake, lakini hausimami. Pete haionekani gizani. Na hata ingeonekana, wale wanafunzi wa sekondari wanaopita pale na sare zao, wao waolewe kwanza?

Kijiwe chenyewe nacho kina wenyewe, na hili ndilo watu husahau. Kila kijiwe cha bodaboda nilichowahi kukijua kina mwenyekiti na katibu, kina kiingilio, kina faini kwa anayeiba abiria wa mwenzake. Watu wanaoweza kutozana faini kwa abiria wa shilingi elfu moja wanaweza kutozana faini kwa mkono wa binti wa mtu. Na eneo lile wanaegesha kwa kukubaliwa na serikali ya mtaa. Wakiambiwa rasmi kwamba wanawake wanalikwepa eneo lao, wanaelewa haraka, kwa sababu wanawake ndio abiria wao. Wewe mwenyewe leo hela yako inakwenda kwa dereva wa bajaji.

Usiende kwa mwenyekiti wa mtaa kama binti mmoja mwenye malalamiko. Tafuta wenzako. Nina hakika mama anayekaanga mihogo karibu na pale ameona mengi. Binti wa jirani yako anapita palepale. Wazazi wa wale wanafunzi watakuja mbio. Na huyo wakala wa kutuma pesa, kibanda chake kinategemea wateja wanaoweza kusimama na kuhesabu hela bila kupigiwa mluzi. Muulize alichokiona usiku ule. Mkiwa hata watu wanne, nendeni kwa mjumbe, awapeleke kwa mwenyekiti, na muombe mtendaji aandike muhtasari. Ombeni mambo yanayoshikika: viongozi wa kijiwe waitwe, madereva wote wavae vizibao vyenye namba, polisi kata ajulishwe, taa iwekwe kwenye ile kona. Hiyo nayo haikuzuii kwenda Dawati. Unaweza kufanya yote mawili, na mimi ningefanya yote mawili, Dawati kwanza, maana siku zikipita mashahidi husahau na kesi hupoa.

Je, ukipita wakakusema tena, ujibu? Hapa sina kanuni. Penye watu na mwanga, kauli fupi ya sauti kubwa inayotaja kitendo husaidia: "Niachie mkono!" au "Wewe mwenye fulana nyekundu, acha kunifuata!" Isikike, watu wageuke. Usirudishe tusi, watalifanya ndio kesi. Gizani, wakiwa wengi, pita, kimbia, ingia duka lolote. Kunyamaza ukafika salama ni uamuzi wa mtu mwenye akili, asikucheke mtu. Bajaji nayo endelea nayo kwa sasa bila kujiona mwoga, ila iwe ya muda, mpaka haya mengine yameanza kutembea.

Ukitaka mtu wa sheria wa kukushika mkono, wapo wanaotoa msaada bila malipo, wakiwemo mawakili wanawake wa TAWLA hapa Dar es Salaam. Namba ya msaada 116 nayo hupigwa bure, ingawa wengi wanaijua kwa mambo ya watoto.

Kozi usiiache. Ongea na wenzako wa darasani wanaorudi upande wa Mbagala, mkichanga wanne bajaji moja kutoka stendi mtalipa kidogo. Na wiki hii, kabla ya lolote lingine, andika barua ofisi ya masomo pale chuoni uwaeleze umekosa vipindi kwa sababu ya usalama njiani, uulize kama ada uliyolipa inaweza kusogezwa muhula ujao au kama kuna darasa la Jumamosi asubuhi. Weka nakala ya barua hiyo. Hata kwenye fidia itahitajika.

Mama Mkubwa